Gari la kompyuta halitaki fundi wa kubahatisha

MFANYABIASHARA wa nyanya anayepakia mzigo wake alfajiri pale Buseresere, wilayani Chato, ana hesabu moja kichwani: kufika sokoni kabla jua halijawa kali. Gari likianza kutetemeka njiani na kukosa nguvu, hesabu hiyo inavurugika. Nyanya hazimsubiri fundi. Kila saa inayopita kando ya barabara inashusha bei ya tenga, na fedha iliyotazamiwa kulipa ada ya shule au vibarua wa shambani inageuka kuwa hasara.

Safari za kwenda Mwanza zimekuwa nyepesi tangu Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo-Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025. Foleni ya kivuko haipo tena, na anayewahi kuondoka huwahi kufika. Kwa hiyo kinachomchelewesha sasa mkulima wa Buseresere, Katoro au Bwanga mara nyingi hakipo ziwani. Kipo chini ya boneti ya gari lake mwenyewe.

Yanayofuata baada ya gari kuanza "kumisi" yanajulikana na wengi. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anaagiza plagi nne mpya. Gari linatembea siku mbili, linarudi. Anaagiza koili moja ya mtumba. Halitulii. Anaagiza ya pili, kisha pampu ya mafuta. Wiki inapoisha mwenye gari amenunua spea za kutosha kuanzisha kibanda, na tatizo bado lipo palepale.

Tabia hii ya kubadilisha vifaa hadi kimoja kibahatike inakula mitaji ya wafanyabiashara wadogo kuliko wanavyodhani, na wakati wa kuiacha umefika. Gari la sasa lina uwezo wa kueleza lenyewe linaumwa wapi. Kumnyima nafasi ya kusikilizwa mgonjwa anayeweza kusema ni kutupa fedha.

Cheche inavyozaliwa

Petroli haijiwashi yenyewe ndani ya injini. Pistoni hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na plagi hurusha cheche inayouwasha. Cheche hiyo inapaswa kuruka mwanya mdogo ulio kwenye ncha ya plagi, mwanya wa takriban milimita moja. Betri ya volti 12 haina nguvu ya kuuvuka. Ndipo koili inapoingia kazini, ikiupandisha umeme huo mdogo hadi makumi ya maelfu ya volti.

Koili ni nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, moja yenye mizunguko michache na nyingine yenye mizunguko mingi sana. Umeme wa betri unapopita kwenye waya wa kwanza, hujenga nguvu ya sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku inaanguka na kusukuma umeme mkali kwenye waya wa pili. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa pampu anaijua hali hii: ukiziba ghafla mdomo wa mpira maji yakiwa yanakimbia, mpira unaruka kwa nguvu. Siri ya cheche ni huko kukata ghafla.

Mfumo huu wa betri na koili ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuutumia karibu mwaka 1910. Kwa miaka mingi kazi ya kukata umeme ilifanywa na vipande viwili vidogo vya chuma vilivyoitwa pointi, vilivyokaa ndani ya distribyuta. Koili ilikuwa moja, na distribyuta iligawa cheche kwa zamu kupitia waya nene zinazokwenda kwenye kila plagi. Madereva wa Peugeot 504 na Land Rover za zamani wanakumbuka jinsi pointi zilivyosuguliwa kwa msasa na distribyuta kuzungushwa kidogokidogo huku fundi akitega sikio. Fundi mwenye sikio zuri alikuwa mali.

Hali imebadilika. Chukua Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE, magari yaliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2002 na ambayo yamejaa katika barabara za mkoa wa Geita. Hayana distribyuta wala waya nene za plagi. Kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, na kazi ya kukata umeme inafanywa na kifaa cha elektroniki kinachotii amri ya kompyuta ya gari.

Kompyuta hiyo hupata habari kutoka kwa sensa kadhaa. Moja inaitazama kranki na kueleza pistoni ziko wapi. Nyingine inaitazama kamshafti. Nyingine hupima joto la maji, na nyingine husikiliza mgongano usio wa kawaida ndani ya silinda. Kwa habari hizo kompyuta huamua cheche irushwe lini, ikiiwahisha au kuichelewesha kulingana na mwendo na uzito wa mzigo. Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche 100 zinahitajika kila sekunde. Hakuna sikio la fundi linaloweza kuzipanga hizo.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba injini za dizeli, kama zilivyo katika malori mengi ya Fuso na Canter, hazitumii cheche kabisa. Zenyewe huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyokandamizwa. Haya yanayoelezwa yanahusu magari na mashine za petroli.

Kipimo kwanza, spea baadaye

Kompyuta inapogundua kwamba silinda fulani haiwaki sawasawa, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya hitilafu. Chini ya dashibodi kuna tundu la kuchomekea kifaa cha kusoma namba hizo. Namba P0300 ina maana kwamba injini inamisi bila silinda moja maalumu kubainika. P0301 inataja silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu na P0304 ya nne. P0335 inaelekeza kwenye sensa ya kranki, ambayo ikifa injini inaweza kukataa kuwaka kabisa hata kama plagi na koili zote ni nzima. Si kila kifaa cha bei nafuu kinasoma kila gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, na baadhi ya magari hayo yana namba zake yenyewe, hivyo fundi anapaswa kujua kifaa chake kinafaa magari gani.

Hata hivyo, namba hiyo haisemi "nunua koili". Inasema silinda ipi ina shida, na fundi makini anaanzia hapo. Ikiwa ni silinda ya tatu, injini izimwe, koili ya tatu ihamishiwe silinda ya kwanza na ya kwanza iwekwe ya tatu. Namba ya zamani ifutwe, kisha gari liendeshwe. Hitilafu ikihamia silinda ya kwanza, koili ndiyo mbovu. Ikibaki silinda ya tatu, koili haina kosa, na upimaji uendelee kwenye plagi, waya za koili, nozeli ya petroli au mgandamizo wa silinda yenyewe. Kazi hiyo haihitaji spea hata moja, na inaweza kumwokoa mwenye gari asinunue vifaa vitatu visivyohitajika.

Kinyume chake ni ule mtindo wa zamani wa kuchomoa waya au koili injini ikiwa inaunguruma, kisha kuiacha cheche iruke hewani ili kuona kama "moto upo". Kwenye mfumo wa pointi hilo lilivumilika. Kwenye mfumo wa leo, umeme unaokosa njia unaweza kutoboa koili au kuharibu kifaa kinachoiendesha, na mtu anaweza kupigwa shoti kali. Fundi anayefanya hivyo anaweza kutengeneza ugonjwa wa pili akiwa anautafuta wa kwanza.

Kuna pia hasara isiyoonekana. Gari linalomisi bado linatembea, na wengi huamua kuendelea nalo "mpaka mavuno". Lakini silinda isiyowaka huendelea kumiminiwa petroli. Chukua mfano wa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja likashuka hadi kilomita 9. Kwa kila kilomita 100 litadai karibu lita 3 za ziada. Likifanya safari sita za kilomita 100 kwa wiki, hizo ni lita 17 hivi zinazoondoka bila kubeba hata gunia moja. Mwenye gari azizidishe kwa bei ya petroli ya siku hiyo, aone kama kipimo ni ghali.

Petroli isiyoungua huishia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya kile chombo cha kusafisha moshi ambacho mafundi wengi hukiita masega. Chombo hicho huyeyuka na kuziba, na gari hukosa pumzi hata baada ya koili kubadilishwa. Ndiyo maana taa ya injini inayowaka bila kupepesa ni onyo la kupima mapema, lakini inayopepesa wakati injini inatetemeka ni onyo la kupunguza mwendo na kusimama mahali salama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu una bei kubwa.

Matunzo yasiyohitaji mtaji mkubwa

Sehemu kubwa ya ubovu wa mfumo wa cheche inazuilika, na mwanzo wake ni plagi. Plagi za kawaida huhitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000, na zile za iridiamu au platinamu zinaweza kufika kilomita 100,000, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji wa gari. Mwenye gari aandike kwenye daftari siku na kilomita alizobadilisha. Daftari la shilingi chache linamaliza ubishi mwingi wa gereji.

Pili ni namba. Plagi hazifanani hata kama uzi wake unaingia sawasawa. Kuna plagi zinazotoa joto haraka na nyingine polepole. Kwa plagi za NGK, tarakimu kubwa inaonyesha plagi inayopoa haraka zaidi. 5 ya NGK inalingana na 16 ya Denso, na 6 inalingana na 20. Tarakimu 11 mwishoni, kama kwenye K16R-U11 ya Denso, inaonyesha mwanya wa milimita 1.1. Dukani mteja asiseme tu "nipe za IST". Aitaje namba iliyo kwenye kitabu cha gari.

Tatu ni ufungaji. Plagi itolewe injini ikiwa imepoa, kwa kuwa kichwa chake ni cha aluminiamu na uzi wake huharibika kirahisi. Vumbi la kwenye shimo lipulizwe kwanza lisidondokee ndani ya silinda. Plagi mpya yenye washa ifungwe kwa mkono hadi igote, kisha spana iongeze nusu mzunguko hivi. Iliyokwisha kutumika huongezwa kidogo sana, kiasi cha moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Anayening'inia kwenye spana anatafuta gharama ya kuchonga uzi upya.

Plagi iliyotolewa pia isitupwe kabla ya kutazamwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili njema. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo, na kwa vumbi la barabara za vijijini kichujio cha hewa ndicho mshukiwa wa kwanza. Mafuta mabichi ya injini kwenye ncha yanaonyesha oili inapenya ndani ya silinda. Ncha nyeupe iliyounguzwa inaonyesha joto kupita kiasi.

Nne ni maji na oili. Koili za siku hizi zimekaa ndani ya mashimo juu ya injini. Anayeosha injini kwa mashine ya maji ya nguvu huyajaza maji, na gari lililofika kwa mwoshaji likiwa zima huondoka likitetemeka. Injini ifutwe kwa kitambaa, au koili zifunikwe vizuri. Vilevile gasketi ya kava la juu ikichoka, oili hujaa mashimoni na kuozesha mpira wa koili. Kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi hiyo ni kuipeleka koili mpya kwenye kaburi lilelile.

Tano ni umeme wenyewe. Betri nzima iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwa inaunguruma alteneta inapaswa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Betri dhaifu hutoa cheche dhaifu. Kuchomoa betri injini ikiwa inafanya kazi ili kujaribu alteneta ni kosa kubwa, kwa kuwa umeme huruka ghafla na unaweza kuua kompyuta. Hali kadhalika anayepeleka gari kuchomelewa keria atoe kwanza nyaya za betri.

Sita ni panya. Gari linalolala karibu na ghala la mpunga au mahindi ni nyumba ya panya, na nyaya za sensa hutafunwa usiku. Kufungua boneti asubuhi kabla ya kuwasha ni kazi ya dakika moja.

Pikipiki na pampu nazo zimo

Mkulima asiye na gari asidhani habari hii haimhusu. Pikipiki yake na pampu ya kumwagilia hutumia cheche ileile. Injini ndogo za mtindo wa Honda GX160, zinazofungwa kwenye pampu nyingi, hutumia plagi ya BPR6ES yenye mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Mwanya huo upimwe kwa filageji, usikadiriwe kwa ukucha.

Kuna jambo jingine linalowapoteza wengi. Injini nyingi za aina hiyo zina swichi ndani ya tanki la oili. Oili ikipungua, swichi hukata cheche ili injini isiungue. Mkulima huvuta kamba hadi mkono unauma, fundi anatangaza koili imekufa, kumbe kinachotakiwa ni oili kidogo. Pampu pia ikiwa imeegemea upande kwenye ukingo wa mfereji, swichi hiyo inaweza kudanganyika. Iwekwe sawa, oili iangaliwe, ndipo koili ishukiwe.

Kila mmoja ana sehemu yake

Si haki kuwatupia lawama mafundi peke yao. Fundi wa Buseresere anafanya kazi mbele ya mteja anayetaka gari litembee leo, na anayekubali kulipia koili lakini akang'aka anapoambiwa alipie kipimo. Kwa mteja huyo, kifaa kinachoshikika ndicho kazi, na kufikiri kwa fundi ni bure. Kwa mazingira hayo fundi asiye na kifaa hana sababu ya kukinunua, na mwenye nacho hana sababu ya kukitumia.

Kwa hiyo mabadiliko yaanze na mwenye gari. Akubali kulipia upimaji kama kazi kamili, na aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha ya spea: namba ya hitilafu ni ipi, kifaa hiki kimethibitishwaje kuwa kibovu, na kile cha zamani kiko wapi. Fundi mzuri hatachukia maswali hayo. Yatamtofautisha na anayebahatisha.

Mafundi nao wanaweza kuungana wachache wakanunua kifaa kimoja kizuri na kugawana mapato yake. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kilizinduliwa Chato Januari 2021, ndani ya wilaya hiyohiyo, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila cheti. Aliyekulia chini ya mti wa gereji ana mikono tayari; anachohitaji ni kujifunza kusoma kile ambacho kompyuta inasema.

Wauza spea wa Katoro na Buseresere wana mzigo wao pia. Plagi bandia hufanana na halisi kwenye boksi, ila mwanya hauko sawa na kauri hupasuka mapema. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko. Lakini malalamiko bila risiti hayana miguu. Mnunuzi adai risiti yenye namba ya kifaa, na muuzaji mwaminifu aitoe bila kusukumwa, kwa kuwa ndiyo inayomlinda dhidi ya jirani anayeuza bandia kwa nusu bei.

Mkulima wa kanda hii amekwisha kujifunza kutonunua mbegu bila kusoma lebo, wala kupulizia dawa bila kujua mdudu. Gari linalobeba mavuno ya mbegu hiyo linastahili uangalifu uleule. Siku atakapokataa kununua koili kabla ya kuambiwa namba, tenga la nyanya litakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufika sokoni kabla jua halijawa kali.